Mistari ya Fundi wa Mbagala

(A) 2025-03-04 Badilisha kapasita ya AC chumba cha wageni, mikrofaradi 35, beba ngazi @mikocheni +mama-mwenye-mbwa

Huo ni mstari mmoja kutoka kwenye faili la kazi la fundi friji na viyoyozi anayeishi Mbagala Kuu. Nimeunakili kwa ruhusa yake, baada ya kubadilisha mawili matatu ili mteja asitambulike. Faili lenyewe linaitwa kazi.txt, nalo ni maandishi matupu. Halina rangi, halina vitufe vya kubofya, halina kengele. Ukilifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, hata ile duni kuliko zote, utasoma kila kitu kilichomo.

Anayeutazama mstari huo kwa mara ya kwanza huona fujo ya alama. Ukitulia nao kidogo unaona kila alama imewekwa pale kwa sababu. Herufi A ndani ya mabano ni uzito wa kazi. Tarehe ni siku kazi ilipoingia. Alama ya @ inatangulia mahali kazi itakapofanyika, na ile ya kujumlisha inatangulia shughuli kubwa ambayo mstari huu ni kipande chake. Katikati, bila alama yoyote, yapo maneno atakayoyasoma fundi kesho saa kumi na moja alfajiri, usingizi haujamtoka sawasawa, anapoamua nini kiingie kwenye begi.

Utaratibu huu haukubuniwa Mbagala. Mwaka 2006 Gina Trapani, mwandishi wa Marekani wa masuala ya teknolojia, alitoa skripti ndogo ya kutunza kazi ndani ya faili liitwalo todo.txt, pamoja na kanuni chache za jinsi mstari unavyoandikwa. Kupanga kazi kwa mahali au hali zinamofanyika kulikuwa kumeshaenezwa na David Allen katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001: za simu pamoja, za ofisini pamoja, za madukani pamoja. Kwa mtu mwenye gari lake na barabara nyeupe, huo ni urahisi tu. Kwa fundi wa Mbagala, hapo ndipo ilipo nauli na faida ya siku.

Tazama alivyo. Anakaa kusini mwa jiji la Dar es Salaam, Temeke. Wateja wake wenye viyoyozi wengi wako Kinondoni: Mikocheni, Msasani, wengine mpaka Tegeta na Bunju. Vipuri viko Kariakoo, katikati. Akitoka kwake anashika Barabara ya Kilwa, anapita Mtoni kwa Azizi Ali, na foleni ikikaza hapo, asubuhi imekwisha. Akifika Mikocheni akakumbuka kwamba kapasita ameiacha dukani Kariakoo, siku nzima imeharibika, na mama mwenye nyumba atampigia fundi mwingine kabla fundi wetu hajavuka makutano ya Morocco akirudi. Kwa hiyo @kariakoo ndiyo alama yenye thamani kuliko zote katika faili lake. Anakwenda Kariakoo mara moja, ananunua vya wateja wote, ndipo anapanda kaskazini.

Ili ajue anunue nini, anafungua kompyuta mpakato yake kuukuu, ya mtumba, aliyoiwekea Linux baada ya Windows kuilemea. Dirisha la terminali linatokea: weusi mtupu na kielekezi kinachopepesa. Anaandika:

grep @kariakoo kazi.txt | sort

Kufumba na kufumbua, mistari yote ya Kariakoo imejipanga mbele yake, iliyo mizito juu. Hakuna duara linalozunguka likisubiri mtandao, na bando likiwa limekwisha tangu jana usiku, hana habari.

Amri hiyo fupi ina umri mkubwa kuliko fundi mwenyewe. Programu ya grep ilitoka mikononi mwa Ken Thompson katika maabara za Bell, New Jersey, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Inajua jambo moja: kusoma faili mstari kwa mstari na kutoa ile yenye maneno uliyoyataja. Mwenzake sort inapanga, basi. Kinachozifunga ni kile kijiti cha wima katikati. Doug McIlroy, mkuu wa idara aliyokuwamo Thompson, alikuwa ameandika tangu 1964 kwamba programu zingefaa kuunganishwa kama vipande vya mpira wa kumwagilia bustani. Wenzake walichukua muda. Mwaka 1973 Thompson akaliingiza wazo hilo ndani ya Unix, mfumo wao wa uendeshaji wa kompyuta, na matokeo ya programu moja yakaanza kumiminika ndani ya nyingine. Watu wale nao walikuwa na miadi na kazi za kukumbuka, maana toleo la saba la Unix, la mwaka 1979, lilikuja na amri iitwayo calendar. Ilisoma faili lenye jina hilohilo na kutoa kila mstari uliotajwa ndani yake tarehe ya leo au ya kesho, na mwisho wa juma ilihesabu kesho kuwa inafika mpaka Jumatatu. Mwaka huo, hapa kwetu, marufuku ya serikali ya kuingiza kompyuta nchini, iliyotolewa 1974, ilikuwa bado haijaondolewa. Kazi za mafundi wa Temeke zilikaa kwenye daftari, na za haraka ziliandikwa kwa kalamu kwenye kiganja.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haionekani kabisa. Kwa nini uzito wa kazi ukae ndani ya mabano? Katika jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, mabano yanayofungua yana namba 40. Tarakimu zinaanzia 48, herufi kubwa 65, na x ndogo ni 120. Sasa, sort ikiagizwa kufuata jedwali hilo, mistari yenye mabano inapanda juu yenyewe, A kwanza, kisha B. Inafuata mistari isiyo na uzito, ambayo huanza na tarehe, na kwa kuwa tarehe imeandikwa mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, kazi ya zamani inaitangulia kazi mpya. (Ukiandika tulivyozoea, siku kwanza, tarehe 1 Desemba itakaa juu ya tarehe 2 Januari na mpangilio wote utavurugika.) Kazi iliyokwisha huwekewa x mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo inazama chini. Hakuna aliyekaa akaandika programu ya kupima uzito wa kazi. Ule mpangilio umo ndani ya namna ya kuandika, umejificha kwenye alama ambazo mtu angedhani ni urembo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasomi wa kompyuta. Hao wakasimame dakika chache kwenye kibanda cha wakala pale Mbagala Rangi Tatu. Tangu Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania mwaka 2008, jiji hili linaandika amri kutwa kucha: nyota, 150, nyota, 00, reli. Muuza mihogo anayelipia mzigo huku macho yakiwa kwenye kikaango, vidole vikijibu menyu ambayo haijamaliza kutokea, ameshavuka hofu ya kuandika badala ya kubofya picha. Nyumbani kwake tarakimu 20 za tokeni ya LUKU anaziingiza kwenye mita gizani, umeme ukiwa umekatika, na akikosea moja anaanza upya bila kulalamika. Mtu huyo ukimwambia kwamba kutumia terminali kunahitaji kipaji, unamtania.

Fundi wetu amekwenda mbele kidogo. Amri zake amezipa majina ya Kiswahili. Kwa lakabu na vipande vichache vya skripti alivyovikusanya usiku baada ya usiku, akiandika ongeza, maneno yanayofuata yanaingia mwishoni mwa faili yakiwa na tarehe ya siku hiyo. Akiandika maliza 7, mstari wa saba unapata x na tarehe, kisha unahamia faili la pili, zimekwisha.txt. Neno leo linamtolea zenye A peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotaka watu waandike barua kwenye kompyuta yenye Kiswahili, kilihitaji mradi mzima, Kilinux, uliozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwa sababu programu ya madirisha imejaa menyu na vitufe na kila kimoja kinadai tafsiri yake. Terminali haina hata kitufe kimoja. Jina la amri ni la mwenye kompyuta, alipe apendavyo.

Lakini amri ni nusu ndogo ya ufundi. Nusu kubwa ni kuandika mstari wenyewe, na hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu nikitazama.

Mtu wa kawaida huandika "AC ya Mikocheni" akaona ameandika kazi. Ameandika mahali penye tatizo. Kesho akisoma maneno hayo itabidi afikiri upya: AC ipi, ina nini, nianze wapi? Na mtu aliyechoka hafikiri upya, anaruka mstari na kwenda kwenye ule ulio rahisi. Ndiyo maana katika orodha za watu wengi kuna kazi zinazokaa miezi bila kuguswa huku mwenyewe akijiita mvivu. Fundi huanza kila mstari kwa kujiamrisha: Nunua, Pima, Piga, Rudisha, Dai. (Dai huongezeka sana kuelekea mwisho wa mwezi.) Baada ya hapo anaweka kile tu ambacho bila yeye kukijua safari itakuwa bure.

Chukua suala la gesi. Viyoyozi vya zamani hutumia R22, vya karibuni R410A au R32. Hazichanganywi. R410A hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi, na geji za R22 haziwezi kuuhimili sawasawa. Mstari unaosema "Jaza gesi kwa mzee wa Msasani" unaonekana kamili mpaka ufike Msasani na mtungi usio wake. Kwa hiyo siku ya ukaguzi, kabla hajashuka ngazi, anasoma kibandiko cha mashine na kuandika: Jaza gesi R410A, kaza kwanza nati ya bomba jembamba, inavuja. Maneno kumi. Nimejaribu kuyapunguza nikashindwa, na nilipojaribu kuongeza sikupata la kuongeza.

Kuna pia kanuni aliyojiwekea kuhusu ukubwa. Kazi isiyoweza kwisha kwa safari moja haiingii kama mstari mmoja. Friji ya duka la vinywaji ikiharibika kompresa, anaandika mistari minne au mitano: kuuliza bei, kumpigia mwenye duka akubali bei, kununua, kufunga, kudai salio. Yote ina alama moja ya kujumlisha, +friji-duka, na kila mmoja una mahali pake. Ule wa kuuliza bei una @simu, anaumaliza akiwa amekaa kwenye daladala. Mwenye duka akiuliza mambo yamefikia wapi, fundi anatafuta +friji-duka na kumsomea.

Nilimuuliza kitu ambacho wengi wangemuuliza. "Fundi, si kuna programu za simu zenye kengele? Zinakukumbusha zenyewe."

"Kaka, kengele ikilia niko juu ya ngazi, nimeshika waya, nitaifanya nini?"

Nikanyamaza. Kengele inadhani mtu ana meza.

Simu yenyewe anaitumia, ila kwa namna yake. Tangu 2015 kumekuwa na Termux, programu inayofungua terminali ndani ya simu ya Android, na simu yake ya bei ya kawaida inaiendesha bila shida. Kwenye kioo kidogo hachezi na sort wala kupanga chochote. Njiani anaandika ongeza na sentensi, basi, na jioni anahamishia mistari hiyo kwenye kompyuta kwa waya. Faili zima, mistari 300 yenye herufi 80 kila mmoja, lina kilobaiti 24. Picha moja ya msibani iliyotumwa kwenye kundi la familia ni kubwa kuliko kazi zake zote za mwaka. Nakala ya akiba iko kwenye flashi inayoning'inia pamoja na funguo za nyumba.

Wepesi huu una ukali wake, na ni haki kuusema. Ndani ya ongeza kuna mishale miwili, >>, inayoelekeza maneno yaende mwisho wa faili. Ukiandika mshale mmoja badala ya miwili, kompyuta inafuta kila kilichokuwamo na kuweka hicho kipya peke yake. Haikuulizi kama una uhakika. Haina kikapu cha takataka cha kwenda kuokota. Hiyo ndiyo sababu fundi aliificha mishale hiyo ndani ya neno ongeza na haigusi tena kwa mkono. Mtu wa umeme anaelewa mambo hayo haraka: waya wenye moto huufunika kwanza, kisha unafanya kazi karibu nao kwa amani.

Zipo zana kubwa zaidi kwa wanaopenda terminali. Taskwarrior, iliyoanza 2008 kwa kazi ya Paul Beckingham, inapokea tarehe za mwisho, inajua kazi ipi inazuia ipi, na inapiga hesabu ya udharura wa kila moja kwa namba. Ni kazi ya kustaajabisha. Ilipofika toleo la 3, Machi 2024, iliacha kutunza kazi kwenye mafaili ya maandishi ikahamia kwenye hifadhidata ya SQLite, na sababu za kiufundi zilikuwapo. Kwa mwenye mamia ya kazi zinazotegemeana, huenda ni hatua nzuri. Mimi naiona kama hasara. Faili ambalo sitaweza kulisoma bila programu fulani ni faili ambalo siku moja nitaliomba ruhusa. Na ile hesabu ya udharura inanitia mashaka zaidi, kwa kuwa haijui kwamba mzee wa Msasani ana mgonjwa ndani wa kulazwa kwenye baridi, wala haijui nani hulipa siku hiyohiyo. Fundi anajua, ndiyo sababu A anaiandika yeye.

Na A haigawi ovyo. Jumapili jioni anakaa na faili lote, si kipande chake, na kazi inayofuata haina amri yoyote ya kuisaidia. Mistari ya zamani imepanda juu kwa tarehe zake, inamtazama. Ule wa Januari wa kutengeneza feni ya jirani ambaye ameshahama: unafutwa. Ule wa kumpigia mteja wa Kijitonyama ambaye hajawahi kupokea simu: anampigia palepale, mara ya mwisho, kisha unafutwa au unabaki. Ule wa kwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kuulizia kozi fupi ya mashine za inverta umekaa muda mrefu kuliko yote. Kila Jumapili anausoma, anaguna, anauacha. Nilimshauri auvunje, kwamba "kwenda kuulizia" ni safari, na labda kupiga simu kungeanza. Akaubadilisha mbele yangu kuwa @simu. Juma lililofuata ulikuwa bado upo.

Sioni ajabu. Orodha nzuri haimfanyi mtu atake asichokitaka, au aweze asichokiweza kwa sasa. Inamwonyesha tu kwamba kazi bado ipo, kila Jumapili, kwa tarehe ileile.

Daftari lake la zamani hakulitupa. Mkewe analitumia kwa hesabu za kikoba, na kwa kazi hiyo linafaa kuliko kompyuta, maana wanakikundi wote wanataka kuona kalamu ikipita mbele yao. Kwa kazi za kwenda huku na huko jijini, karatasi ilimshinda kwa jambo moja: haikubali kupangwa upya. Kilichoandikwa Jumatatu kinakaa Jumatatu hata kama mahali pake ni palepale unapokwenda Alhamisi.

Faili la pili, zimekwisha.txt, hakulianzisha kwa makusudi makubwa. Lilikuwa mahali pa kuondolea uchafu. Baada ya muda likageuka kumbukumbu ya biashara. Yeye hutoa dhamana ya miezi mitatu kwa kazi ya gesi, na wateja, kama binadamu wote, hukumbuka tarehe kwa upendeleo. Nilikuwa naye siku simu ilipoita, mama mmoja akilalamika kwamba AC imeacha kupoza na fundi alikuwa kwake juzijuzi tu, mwezi uliopita.

"Shikamoo mama," alisema. "Nipe nusu dakika."

Akaandika grep, jina la ile shughuli na zimekwisha.txt. Mistari mitatu ikatokea, na wa mwisho ulikuwa na x na tarehe ya miezi saba nyuma. Hakuitaja dhamana. Alimwambia mama tarehe, gesi aliyoweka, na kwamba siku ile alimshauri asafishe chujio kila mwezi.

Upande wa pili kukawa kimya, kisha mama akacheka. Chujio hakuwahi kulisafisha. Fundi akaandika ongeza, Safisha chujio na pima mgandamizo, geji za R410A, @mikocheni, akampa bei ya ufundi, na mama akaomba ipungue elfu tano.